Spiriti ya Machungwa na Gari la Mkunga wa Kigombe

Vijana wa gereji, nimeweka spana chini kwa sababu nyonga imekataa. Mwanamume akishaingia chini ya gari na kuhitaji kuvutwa miguu ili atoke, hana tena haki ya kuitwa fundi, nami nimeondoka kabla hamjaanza kunivuta. Lakini hata nyumbani sipumziki. Juzi nimekaa nje nachambua maharage, akapita mtu wa bodaboda, akasimama, hata shikamoo hakutoa. "Fundi Mhina, eti pikipiki inatembea kwa spiriti? Nimeona kwenye simu." Kabla yake alikuja mwenye bajaji. Kabla ya huyo, mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono mlangoni baada ya ibada, nikadhani ananitakia Jumapili njema, kumbe naye ana swali lile lile. Nimechoka. Kwa hiyo naandika mara moja tu, kwa mkono huu uliosoma mpaka darasa la tano, nanyi mbandike karatasi hizi ukutani penye kalenda. Mtu akiuliza, mwonyesheni kwa kidole.

Habari za nani alinipandisha cheo hamtazikuta humu, maana hakuna aliyenipandisha. Nilipanda mwenyewe, tena kwa kushika vyuma vya moto.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na minne, kwa Mzee Kombo, fundi aliyekuwa ametoka kwenye mitambo ya mashamba ya mkonge na kufungua kibanda nyuma ya zile nyumba kubwa za zamani za Raskazone. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa kipande cha mpira, akanionyesha gari la mtu, akasema nitoe mafuta yote kwenye tanki. Nikanyonya mpira, nikameza. Nilitapika mpaka adhuhuri. Alipoona nimemaliza, akaja akasimama mbele yangu.

"Yalikuwa na ladha gani?"

"Petroli, mzee."

"Petroli na nini?"

Sikujua. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa mbuzi kipofu. "Humo mna mafuta ya taa. Ulimi wako umelala."

Msiige hayo. Siku hizi nasikia kuna mapafu. Lakini tangu siku ile sijawahi kuamini mafuta kwa sababu tu yamo ndani ya tanki. Mzee Kombo alikuwa akisikiliza injini kwa kijiti cha mwarobaini, ncha moja kwenye chuma, nyingine sikioni. Mwaka wa pili mimi nilikuwa nasikiliza bila kijiti, nikiwa ng'ambo ya barabara, na ninaitaja plagi ipi mbovu. Wapo waliokuwa wakibisha. Wakifungua, wananunua soda.

Chombo changu cha kujivunia mnakijua, kipo kwenye rafu mpaka leo, na anayekihamisha namjua. Ni chupa ya kunyonyeshea mtoto, ile yenye mistari pembeni. Watu walicheka nilipoileta. Unatia petroli, unatia hicho unachokishuku, unatikisa, unaweka dirishani. Vitu visivyopatana vitajitenga vyenyewe, na mistari itakuambia ni kiasi gani. Sikufundishwa na mtu. Niliona maziwa ya mwanangu yamejitenga dirishani nikasema, kumbe. Baadaye bwana mmoja wa chuo aliniambia kipimo kama hicho kipo kwenye vitabu na kina jina lake. Nikamwambia abaki na jina, mimi ninabaki na chupa.

Haya, jibu lenyewe. Ndiyo, gari la petroli linaweza kunywa spiriti. Kidogo. Sehemu moja kwa tisa za petroli, spiriti iwe kavu isiyo na maji, na gari liwe la miaka hii: mengi hayatalalamika. Zaidi ya hapo linatakiwa gari lililotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo, na hayo ya Brazili mnayoyaona kwenye simu ndiyo hayo. Yana mipira yake, yana pampu yake, yana kompyuta inayojua leo tumekula nini. Gari lenu lililoshuka bandarini likiwa tayari na umri wa kuoa halina habari hiyo. Spiriti itavimbisha mipira ya zamani na kuitafuna kabureta. Italiosha tanki, halafu uchafu wa miaka ishirini uje wote kwenye filta siku moja. Tena nguvu yake ni ndogo kuliko ya petroli, basi kabureta iliyopimwa kwa petroli itaipa injini chakula pungufu, injini ichemke na kuungua kwa ndani, huku dereva anasifu jinsi gari lilivyokuwa jepesi. Na mwenye dizeli asinisogelee kabisa. Kuna bwana wa Muheza alitia spiriti kwenye lori la dizeli, ati anaisafisha pampu. Aliisafisha. Hakubakiza kitu.

Nimemaliza? Sijamaliza. Adui mkubwa kuliko hayo yote ni maji, nami nilijifunza hilo nikiwa fundi mzima, mwenye jina kutoka Pangani mpaka Horohoro. Ndiyo sababu hasira yangu na swali hili haiishi.

Kigombe kuna mkunga anaitwa Bi Mwanaidi. Alikuwa nesi, akastaafu, lakini wanawake wa kijiji hawakukubali astaafu. Mdigo, mwembamba, mkali wa maneno. Alikuwa na gari dogo la zamani la kabureta ambalo kila fundi wa Tanga alishalifukuza uani kwake isipokuwa mimi. Mimi nililifufua. Kijijini waliliita gari la wazazi. Zahanati ipo, ila upo uzazi ambao zahanati haiuwezi, na siku ya uzazi wa namna hiyo Bi Mwanaidi alikuwa akimlaza mama kiti cha nyuma, akikatiza mashamba ya mkonge mpaka hospitali Muheza. Gari lile likilala, kuna mtu hafiki. Mlijue hilo kabla sijaendelea.

Petroli ilipozidi kupanda bei, shemeji yake, kijana mmoja anaitwa Mbaruku, akaja na akili. Mbaruku ni mgema, baba yake mgema, babu yake mgema. Msimu wa machungwa pale Muheza mnajua wenyewe: yanaoza njiani mpaka mbuzi wanayaruka. Mbaruku akawa anayakusanya, anayavundika, anayapika mara tatu kwa mtungi na bomba, anapata spiriti. Akaapa haiuzi kwa kunywa, na kweli hakuiuza. Wakaniletea dumu moja gereji, yeye na shemejiye, asubuhi ya watu wengi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeniletea tembo saa hizi?"

"Tembo la gari hili, fundi. Lenyewe ndilo litakalolewa."

Bi Mwanaidi hakucheka. "Fundi, miye nataka neno moja kwako. Nitie, nisitie? Na likinimwagikia mkononi, nitaswali vipi?"

"Utanawa, shemeji," akasema Mbaruku. "Kwani petroli huwa unaswali nayo?"

Kwenye benchi alikuwapo mteja mwingine, Mwalimu Anna, Msambaa, mwalimu wa kemia wa sekondari moja ya mjini, anasubiri breki zake. Hakuna aliyemuuliza. Akasema, "Fundi, pima maji kwanza. Kitu hicho kinakunywa maji hata ya hewani, na hapa pwani hewa yenyewe supu."

Hapo ndipo nilipoharibu. Chupa yangu ilikuwa kwenye rafu, ningenyoosha mkono tu. Kwa mtu mwingine yeyote ningeichukua. Lakini kuichukua baada ya yeye kusema, mbele ya watu wote wale, ingekuwa kama nimefundishwa kazi na mwanamke wa chaki, katika gereji yangu, na gari lake lipo juu ya jeki yangu. Nikamwambia, "Mwalimu, wewe umesoma ubaoni. Miye nimesoma kwa kuungua." Watu wakacheka, nami nikaona nimeshinda.

Nikamimina spiriti kidogo kwenye kijiko, nikaiwasha kiberiti. Ikawaka moto wa buluu, ikaisha, kijiko kikabaki karibu kikavu. "Mmeona?" nikasema. "Hii ni spiriti." Kipimo hicho ni cha wapika gongo, na mwenzenu nilikijua kuwa hivyo. Hata kitu ambacho nusu yake ni maji kitawaka kwenye kijiko. Siku ile kwa bahati spiriti ilikuwa nzuri, Mbaruku alikuwa ameipika kwa uangalifu, na bahati ndiyo iliyonimaliza.

Kuna jingine, baya zaidi. Dumu halikuwa na kifuniko. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa makumbi ya nazi, zile nyuzi zimesokotwa zikashindiliwa. Nyie mliozaliwa mjini hamjui: tembo la mnazi linachemka lenyewe, ukiliziba kabisa chombo kinapasuka. Kwa hiyo mgema huziba kwa makumbi ili chombo kipumue. Mbaruku hakuwahi kuona kizibo kingine tangu azaliwe. Nami nilikiona kile kizibo. Nikakigusa kwa kidole, nikasema kwa sauti, watu wasikie: "Huyu kazi anaijua. Kiacheni hivyo hivyo, kipumue."

Nikapanua tundu la jeti, kile kitundu cha kabureta kinachoipimia injini mafuta, kwa upana wa unywele, kazi ambayo pale Tanga mjini naweza kuwataja watu wawili wanaoiweza, na mmoja ni marehemu. Nikasema watie moja kwa nne, spiriti moja, petroli nne. Gari likaunguruma vizuri. Nikamwambia Bi Mwanaidi aende popote anapotaka, gari lililotoka kwa Mhina halizimi.

"Mbondei weye," akasema huku anapandisha kioo, "sifa zako zingekuwa petroli, tungefika Mombasa."

Wiki kadhaa zikapita salama. Mbaruku akapata moyo, akapika pipa zima, akaliweka chini ya kibanda cha makuti karibu na pwani, kizibo ni kile kile nilichokisifu. Masika ikaingia. Pipa likakaa pale linapumua. Likapumua, likapumua, na kila lilipovuta pumzi lilivuta mvua na chumvi.

Siku yenyewe ilikuwa saa tano asubuhi. Kulikuwa na binti anaitwa Zuhura, uzazi wa kwanza, mtoto amekaa vibaya. Bi Mwanaidi akajaza tanki asubuhi ile ile, petroli ya dukani na spiriti ya pipa la Mbaruku, kwa kipimo nilichompa mimi. Walipofika katikati ya mkonge, mahali ambapo huoni nyumba mbele wala nyuma, gari likaanza kukohoa, likaruka mara mbili, likazima. Akapiga ufunguo mpaka betri ikafa. Mume wa binti na mama yake wakasukuma, jua la baada ya mvua linawachoma, binti ndani anapiga kelele, kisha ikawa hapigi tena, na hapo ndipo Bi Mwanaidi alipoogopa. Trekta la mkonge ndilo lililowatoa, juu ya tela. Hospitali walifika baada ya adhuhuri. Mtoto alitolewa, hakulia. Wakamhangaikia kwa muda, mpaka akalia. Mama akapona. Hayo nimesimuliwa, sikuwapo, na nimeyasikia kichwani mwangu mara nyingi kuliko wao.

Alasiri Bi Mwanaidi akanipigia simu. Hakunisalimu. "Fundi, gari limezima. Kwa nini?"

Nami, kabla hata sijauliza habari za mgonjwa, nikajibu, "Ni huyo mgema wako. Nilijua tu." Maneno hayo yalinitoka mdomoni kama mate. Akakata simu.

Kesho yake nikaenda Kigombe. Nilikuta neno langu limetangulia. Uani kwa Mbaruku wamejaa watu, wengine wazee wazima na bakora zao. Mtungi wake umeshatolewa nje. Mume wa Zuhura ameshika nyundo. Walichokuwa wakisubiri ni mimi tu, fundi mkubwa kutoka mjini, niseme, kisha mtungi uvunjwe, na Mbaruku ahame na mke wake na watoto wake, kwa kuwa amechezea roho za watu. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa baraza, hatazami mtu.

Gari walishalivuta mpaka pale. Nikalala chini yake, nyonga ikanikaripia, nikatoa mafuta chini ya tanki kwenye ile chupa ya mtoto. Niliyoyaona hayakuhitaji kusubiri dirishani. Juu petroli ya njano kidogo. Chini yake kitu cheupe, tele, kinacheza peke yake: maji yaliyoshikana na spiriti, yametengana na petroli, yamekwenda kulala chini ya tanki, pale pale bomba linaponyonya. Injini ilikuwa imeomba chakula ikapewa maji. Nipende nisipende, nikainua chupa watu waone.

"Maji hayo," akasema mzee mmoja. "Kayatia maji!"

"Mbaruku, umetutilia maji ili spiriti izidi?"

Mbaruku alinitazama. Kijana yule angeweza kusema, fundi, kizibo hiki si ulikisifu wewe? Mashahidi walikuwapo, shemeji yake alikuwapo. Hakusema. Alisema, "Mimi ndiye niliyepika. Kama nimekosa, nimekosa. Lakini maji sikutia, wallahi." Kisha akawa anatazama mtungi wake.

Mume wa Zuhura akainua nyundo.

Nimewahi kufungua injini ya moto kwa mikono mitupu na haikuniuma kama kufungua mdomo siku ile. Nikasema, "Weka nyundo chini. Hakutia maji. Maji yameingia kwa hewa, kupitia kwenye kizibo, na kizibo hicho nilikiona, nikakigusa, nikakisifu. Kuna mtu aliniambia pima maji, nikamcheka. Kipimo cha moja kwa nne nimekitoa mimi. Aliyelizima gari la wazazi ni Mhina."

Mzee mmoja akauliza, "Mhina ndiye nani?"

"Ndiye huyu," nikasema.

Nyundo ikashuka, si haraka. Mume wa Zuhura alinisogelea mpaka nikahisi pumzi yake, nikangoja. Hakunipiga. Alitema mate karibu na kiatu changu, akaenda zake kwa mke wake. Ilikuwa haki yake.

Bi Mwanaidi akasimama, akaja na ufunguo. Nikadhani ananifukuza. Akaniwekea ufunguo kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili.

"Litengeneze. Ukimaliza usiondoke. Kila mzazi atakayetoka hapa, utamwendesha weye, mimi nitakaa nyuma na mgonjwa wangu. Mpaka nitakaposema basi."

"Bi Mwanaidi, nina gereji."

"Na mimi nina wajawazito sita."

Nikaiacha gereji kwenu, mnakumbuka mlivyoulizana. Niliwaambia nina kazi maalumu Kigombe. Kazi maalumu ndiyo hiyo. Nilikaa miezi miwili, na aliyenilaza ni Mbaruku, kwenye chumba cha mbele, mkewe akinipikia na kunisalimu kwa adabu ambayo sikuistahili. Pipa tulilimwaga pamoja, mbali na moto, kwa sababu, nalo hilo mlijue, spiriti ikiwaka mchana wa jua huuoni ule moto mpaka uwe umeshakushika. Nilibadilisha mipira yote, nikafungua kabureta nikaikuta ina ukungu mweupe kama mkate uliolala, nikaosha tanki mara nne. Nikarudisha jeti ya zamani. Tangu hapo petroli tupu. Mbaruku nilimfundisha kutumia chupa, na anapika bado. Spiriti yake inakwenda kwenye taa na majiko, kwenye madumu yenye vifuniko vya kukaza. Mwalimu Anna nilimfuata shuleni kwake nikamwambia alikuwa sahihi. Akaniuliza kama breki zake ziko salama. Wanawake hawa.

Basi safari ya kwanza. Ilikuwa asubuhi, binti anaitwa Rehema, amelala nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Bi Mwanaidi, miguu imeegemezwa nyuma ya kiti changu. Tukaingia kwenye mkonge. Injini ilikuwa inakwenda kama saa, nami nilikuwa nimeubana usukani mpaka vidole vimekufa ganzi. Tulipofika pale gari lilipomzimikia Zuhura, uchungu ukamwachia kidogo, akainua kichwa.

"Baba," akasema. "Hili halizimi?"

Jibu nilikuwa nalo. Nimelitoa miaka arobaini, kwa madereva wa mabasi, kwa mapadri, kwa maofisa, nikiwa nimeweka mkono kiunoni. Nikafungua mdomo, halikutoka.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Nimelikagua alfajiri, nimelikagua tena tulipotoka. Nakwenda polepole, nalisikiliza."

Akanyoosha mkono, akanikamata bega kwa kucha zote, na hakuniachia mpaka tulipoingia lango la hospitali.